Wanachuo wafundishwe GPA inavyopigwa wiki ya kwanza, sio mwaka wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo kuhusu GPA, yaani ule wastani wa alama za chuo, ambalo limenikaa moyoni toka nimalize chuo, na juzi limeamka upya baada ya mdogo wangu kuanza mwaka wa kwanza. Nilimuuliza swali moja tu, hiyo kozi unayosema haikuumizi kichwa ina krediti ngapi? Akaniangalia. Akasema krediti ndo nini kaka, mi najua ukipata A nyingi GPA inakuwa kubwa basi. Na hapo yuko chuo wiki ya tisa, testi za kwanza ameshafanya zote.

Simlaumu hata kidogo maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na karibu darasa letu zima lilikuwa hivyo hivyo. Tulijua GPA ni kile kinamba kinachotoka mwisho wa semesta, kikiwa kikubwa unafurahi kikiwa kidogo unanuna, ila kinavyopatikana hakuna aliyekaa chini akatuonyesha. Tulipokelewa chuoni tukazungushwa maktaba, tukaambiwa habari za vitambulisho na usajili, tukaambiwa usipofikisha GPA fulani unadisko, yaani unaondolewa chuo. Namna ya kuipiga hiyo GPA yenyewe hamna aliyeigusa.

Mimi nilimaliza na GPA ya 3.4 kwenye skeli ya 5, ambayo pale chuoni kwetu ni loa sekondi, yaani daraja la pili la chini. Apa sekondi, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. Mwaka wa kwanza nilipata 2.9, wa pili 3.4, wa tatu 4.1, kila mwaka napanda, na ule wa tatu nilipiga msuli kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Matokeo ya mwisho yalipotoka nikachukua kikokotoo cha simu nikajumlisha miaka yote mitatu nikagawa kwa tatu ikaja 3.466666, sita zimejaa mpaka mwisho wa skrini. Nikajua hapa ni 3.5, si shuleni tulifundishwa tarakimu ikizidi tano unapandisha. Nafungua mfumo wa matokeo naona 3.4.

Nikaenda ofisi ya idara. Mama aliyekuwa anashughulika na matokeo alinipokea vizuri tu, akaniambia kaa mwanangu, akafungua kitabu cha taratibu za mitihani akaweka kidole chini ya mstari mmoja, kwamba GPA inaandikwa kwa desimali moja na tarakimu zinazofuata zinakatwa, hazipandishwi. Halafu akachukua karatasi akanifanyia hesabu ambayo kwa miaka mitatu hakuna mtu aliwahi kunifanyia. Krediti zako 360. Mtu wa 3.5 anatakiwa awe na pointi 1260. Wewe unazo 1248, umepungukiwa 12. Akashuka na kidole kwenye matokeo yangu mpaka mwaka wa kwanza semesta ya kwanza, akasimama kwenye kozi ya takwimu ya krediti 12 ambayo nilipata 49, C. Akasema hii ingekuwa 50 ingekuwa B, na B inazidi C kwa pointi moja, pointi moja mara krediti 12 ni 12. Zile zile ulizopungukiwa.

Mhariri, ile kozi naikumbuka vizuri. Asainimenti yake nilichelewesha siku mbili nikakatwa alama, na matokeo yalipotoka sikuona shida yoyote maana nilikuwa nimepasi, tena nilimwambia mwenzangu wa chumbani afadhali nimekwepa sapu, ule mtihani wa kurudia kwa waliofeli. Hakuna aliyeniambia kwamba ile 49 itanisubiri miaka mitatu mbele.

Sasa naomba niieleze hii kitu kwa lugha ya kawaida, kwa faida ya wadogo zetu na wazazi wanaosoma gazeti lako.

Kila kozi ina mambo mawili, herufi uliyopata na krediti za kozi. Herufi inageuzwa kuwa pointi. Kwenye skeli ya 5 ya kawaida A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni sifuri. Krediti ndo uzito wa kozi, zinapimwa kwa saa ambazo mwanafunzi wa kawaida anatarajiwa kuitumikia, darasani, maktaba, maabara, mpaka za kujiandaa na mtihani. Tanzania krediti moja inahesabiwa saa 10 na mwaka mzima ni krediti 120, Ulaya kwenye mfumo wao wa ECTS krediti moja ni saa 25 mpaka 30 na mwaka mzima ni 60. Namba zinatofautiana ila wazo ni moja. Ukishakuwa na pointi na krediti unazidisha kozi kwa kozi, unajumlisha yote, halafu unagawa kwa jumla ya krediti. Hiyo ndo GPA, hakuna siri nyingine.

Lakini hapo kwenye kuzidisha ndo watu wanapopotea. Chukua wanafunzi wawili wenye kozi nne zile zile, ya krediti 15, ya 12, ya 8 na ya 5, jumla 40. Wa kwanza kapata A kwenye ya 15, B+ kwenye ya 12, B kwenye ya 8 na C kwenye ya 5. Zidisha, 75 na 48 na 24 na 10, jumla 157, gawa kwa 40 unapata 3.92. Wa pili ana herufi zile zile nne ila kazipata kinyume, C kwenye ya 15, B kwenye ya 12, B+ kwenye ya 8, A kwenye ya 5. Hapo ni 30 na 36 na 32 na 25, jumla 123, gawa kwa 40 unapata 3.07. Ukiwakalisha pamoja kila mmoja atakwambia nina A moja, B+ moja, B moja na C moja, watadhani wako sawa, tena wakipiga wastani wa kawaida wote watajipa 3.5, kumbe mmoja ana 3.9 na mwenzake ana 3.0. Na huyu wa pili inawezekana kabisa ndo aliyekesha zaidi, ila alikesha na kile kikozi cha krediti 5 kwa sababu lekchara wake ni mkali, au ndo anachokipenda, ile ya 15 akaiacha ijiendee.

Kingine ni mipaka ya alama. Kama A inaanzia 70 na B+ ni 60 mpaka 69, basi mwenye 60 na mwenye 69 wote wana pointi 4, na mwenye 70 na mwenye 98 wote wana pointi 5. Ila kati ya 69 na 70 kuna pointi nzima, na kwenye kozi ya krediti 15 hiyo alama moja inabeba pointi 15. Mwanafunzi anayelijua hili akishapata kozi wok yake, zile alama za testi na asainimenti kabla ya mtihani wa mwisho, anakaa anapiga hesabu. Nina 27 kati ya 40, ili nifike 70 natakiwa nipate 43 kati ya 60 kwenye mtihani, inawezekana, ngoja nikaze hapa. Asiyejua anagawa nguvu zake sawa kwa sawa kila sehemu, au anasoma kozi anayoiogopa tu. Wapo watakaosema huku ni kufundisha watoto kuvizia alama badala ya kusoma. Mimi sioni hivyo kabisa. Mtu akiwekewa kipimo kitakachoamua maisha yake ana haki ya kujua kipimo chenyewe kinapimaje, na mkulima hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuelewa mizani anayopimiwa mazao yake.

Halafu kuna hili la muda, na hapa ndo roho inaniuma zaidi. Watu wengi tuliingia chuo na imani kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea, GPA utaipandisha ukishapata uzoefu. Tulirithishwa na kaka na dada zetu waliotutangulia, nadhani na wao walirithishwa. Sasa angalia hesabu inasemaje pale ambapo miaka yote ina uzito sawa. Ukipata 2.8 mwaka wa kwanza na unataka 3.5 ya mwisho, hiyo miaka miwili iliyobaki unatakiwa uwe na wastani wa 3.85. Hiyo bado inafikika. Ukimaliza miaka miwili una 3.0, mwaka wa tatu peke yake unatakiwa upate 4.5, yaani kiwango cha fasti klasi, daraja la kwanza, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuifikia hata semesta moja. Na ukimaliza miaka miwili una 2.7, hata mwaka wa tatu upate A kwenye kila kozi bila kukosa hata moja, GPA ya 5.0 kavu, ukijumlisha inatoka 3.46, ile ile yangu, wanaikata inakuwa 3.4. Kwa hiyo kuna wanafunzi wameingia mwaka wa tatu wamejaa ari, wanakesha, wanajinyima, na lile daraja wanalolipigania lilishafungwa kihesabu kabla hawajafungua daftari na hakuna aliyewaambia.

Kwa wenye kozi za miaka minne au mitano ni vile vile, tena huko kadiri krediti zinavyorundikana ndivyo namba inavyozidi kuwa nzito kusogea. Semesta ya kwanza una krediti 60 tu, kozi moja ya krediti 12 ikipanda herufi moja GPA inaruka 0.2 unaiona kwa macho. Ukiwa na krediti 360 kozi hiyo hiyo inasogeza 0.03. Ndo maana mwanzoni GPA inacheza juu chini, baadae inaganda.

Sio kila mahali wanafanya hivi, na ni vizuri watu wajue. Uingereza vyuo vingi mwaka wa kwanza unatakiwa upasi tu uendelee, alama zake haziingii kwenye daraja la digrii, na mwaka wa mwisho mara nyingi unapewa uzito mkubwa kuliko ule unaoutangulia. Chuo cha MIT kule Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza semesta yake ya kwanza akipasi anaandikiwa amepasi tu, herufi haiingii kwenye hesabu, na akishindwa kozi haionekani kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yake yote, anayopeleka nje. Hawa sio watu wasiojali ubora. Waliona tu kwamba kijana aliyetoka sekondari kwa njia moja na mwingine aliyetoka kwa njia nyingine kabisa wanahitaji muda kidogo wa kusimama kabla hujaanza kuwaandikia vitu visivyofutika. Ningependa vyuo vinavyohesabu kila semesta kwa uzito sawa navyo vilifikirie hili, ila najua mabadiliko ya namna hiyo yanapita vikao vingi, kwa hiyo leo siombi kubwa hivyo.

Sapu nayo nisiiruke. Vyuo vingi ukirudia mtihani ukapata hata 80 unaandikiwa C, na hiyo C inabeba pointi 2 zako mpaka unahitimu. Kuna vyuo vingine duniani ukirudia kozi alama mpya inafuta ya zamani kwenye hesabu, na vingine vinahesabu zote mbili. Tofauti hiyo ni kubwa mno, mwanafunzi anatakiwa ajue chuo chake kiko wapi kabla hajaamua kuingia kwenye mtihani akiwa mgonjwa au aombe kuahirisha, maana nimeshaona mtu amelazimisha kuingia na homa kali kwa kuogopa kubaki nyuma, akafeli, akaja kuipasi vizuri sana kwenye sapu na hiyo "vizuri sana" haikumsaidia kitu. Angeomba kuahirisha kwa cheti cha hospitali kwa taratibu za chuo chetu angeufanya kama mtihani wake wa kwanza na alama zake angepewa zote.

Na ukitoka nje ya nchi na hiyo namba mkononi unakuta kisa kingine. Marekani wanatumia skeli ya 4, A ni 4.0 na hakuna kinachozidi hapo kwa vyuo vingi, kwa hiyo 3.5 yao na 3.5 ya skeli ya 5 ni vitu viwili tofauti. Ujerumani wamegeuza kabisa, 1.0 ndo bora kuliko zote na 4.0 ndo mwisho wa kupasi. Wao wana fomyula wanayotumia kubadilisha alama za nje, unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako unatoa ya kwako, unagawa kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini ya kupasi, unazidisha kwa tatu, unajumlisha moja. Kwenye skeli ya 5 ambayo kupasi ni 2.0, mwenye 3.5 anatoka na 2.5 na mwenye 3.4 anatoka na 2.6. Programu nyingi za mastazi za huko zinaweka mstari kwenye 2.5. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba zile pointi 12 zilikuwa na safari ndefu kuliko nilivyofikiria. Watu wengine wanachukua GPA ya 5 wanagawa kwa 5 wanazidisha kwa 4 wanaipeleka Marekani hivyo, ukifanya hivyo unajiumiza mwenyewe, maana A ya kuanzia 70 na A ya kuanzia 90 hazibadilishani kwa kuzidisha tu. Tuma transkripti yako na ile karatasi inayoeleza skeli ya chuo, waache wabadilishe wao.

Ninachoomba Mhariri ni kidogo na hakina gharama. Wiki ya kwanza ya chuo, kabla ya testi yoyote, kila darasa likae saa moja na mtu mwenye kikokotoo na ubao, wapige GPA ya mwanafunzi wa kubuni kuanzia kozi ya kwanza mpaka ya mwisho, wampe sapu moja katikati waone inafanya nini, waoneshwe desimali inakatwa au inapandishwa. Na slipu ya matokeo ya kila semesta isiishie kuandika herufi na GPA, iandike na pointi ulizokusanya mpaka sasa na pointi unazohitaji kwa kila daraja. Mfumo wa kompyuta namba hizo unazo tayari, ndo unazotumia kukupigia GPA, kuzitoa nje ni safu mbili tu kwenye karatasi. Mama wa ile ofisi alinifanyia kwa peni kwa dakika tano. Kama ningefanyiwa dakika tano zile mwisho wa semesta ya kwanza, bado nilikuwa na semesta tano mbele yangu za kutafuta pointi 12.

Kwa waajiri na wanaotoa ufadhili nina ombi moja pia. Mnapoweka sharti la 3.5 kwenye tangazo, tafadhali someni na transkripti. Aliyeanza na 4.1 akashuka mpaka 2.9 na aliyeanza na 2.9 akapanda mpaka 4.1 wanakuja kwenu na namba moja, na nyie mnaotafuta mtu wa kufanya kazi kesho nadhani mngependa kujua yupi ni yupi.

Mdogo wangu jioni ile nilimkalisha mezani tukafungua mwongozo wa kozi zake kwenye simu, tukachora jedwali kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, kozi, krediti, kozi wok, alama anazohitaji. Ile kozi aliyosema haimuumizi kichwa, ambayo alikuwa ameacha kwenda kwenye semina zake kwa sababu anaiona nyepesi, ina krediti 15, ndo kubwa kuliko zote za semesta yake. Kozi wok yake ni 24 kati ya 40. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa hiyo nikipata 46 kwenye mtihani ni A? Nikamwambia ndiyo. Akachora duara kwenye ile 46. Semina ni Jumanne saa mbili asubuhi, na Jumanne hiyo alienda.

Ni mimi msomaji wako,
Mhitimu wa 3.4